Kumfuata Tembo Aliyezama

Nkuhungu

Bibi jirani yetu pale Nkuhungu hapendi kuulizwa habari za zamani akiwa na kazi mkononi, lakini jioni ile alikuwa anachambua mlenda, na kuchambua mlenda ni kazi inayoruhusu maneno. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana miaka kumi na mmoja. Alimuuliza kwa nini mji wetu unaitwa Dodoma. Bibi hakuinua uso. Alisema tembo alikuja kunywa maji kijitoni, tope likamkamata miguu. Akavuta, akashuka. Akavuta tena, akashuka zaidi. Watu waliokuwa kando wakasema *idodomya*, amezama.

"Basi wakaja wageni, neno likawashinda mdomoni, wakasema Dodoma," akamaliza.

"Wewe bibi umewahi kumwona tembo?"

"Nimeona nyayo zake. Nikiwa msichana, kwenye shamba la uwele. Ukiingiza mguu wako ndani ya unyayo mmoja, unapotea."

Mtoto akanigeukia. "Na wewe, mjomba?"

Ninaishi kwa kamera. Nimepiga picha za harusi, za mahafali, za vipaimara na za misiba, na siku za Bunge nimesimama getini nikisubiri wakubwa washuke magarini. Tembo nimemwona mara moja tu, kupitia dirisha la basi, tukikatiza Mikumi, kwa muda wa kupepesa macho. Nilimwambia hivyo. Akanyamaza, na ukimya wake ukanikaa kifuani usiku mzima. Mji uliochaguliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, jina lake linatajwa redioni kila saa, na ndani ya jina hilo yumo tembo. Sisi tunaolala juu ya jina lake hatumjui.

Mwishoni mwa Septemba, shule zikiwa zimefungwa kwa siku chache, nilimchukua mpwa wangu tukaelekea kaskazini. Dada yangu alitufungia chapati na mayai ya kuchemsha. Bibi alikuja mlangoni alfajiri, akiwa amejitanda kanga mbili kwa sababu ya upepo, akasema maneno machache tu: "Mkimwona, mwangalieni vizuri."

Mto Bubu

Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ni siku ya mnada wa Msalato. Tulipopita, moshi wa nyama choma ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kupanda, ng'ombe wanashushwa, wachuuzi wa mitumba wanakung'uta nguo kuondoa vumbi. Hatukusimama. Baada ya hapo nchi inafunguka. Anayekuja Dodoma kwa ndege husema hakuna kitu huku, kumekauka. Apite njia hii polepole. Mibuyu isiyo na jani hata moja imesimama mashambani, kila mmoja na umbo lake, na kati yao mabua ya uwele na mtama yamelala yakingoja mvua ya Desemba. Huku msimu wa mvua ni mmoja. Ukikosea kupanda, umekosea mwaka mzima.

Tukapita Mayamaya, tukapita Haneti yenye vilima vyake vya mawe, tukaingia wilaya ya Chemba. Barabara hii ya lami inayotoka Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018. Kabla yake safari kama hii masika ilikuwa ni kulala njiani.

Kabla ya mji wa Kondoa tulifika kwenye Mto Bubu, nikaomba tusimame. Mto ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, mpana kama uwanja wa mpira. Katikati yake wanawake wanne na watoto kadhaa walikuwa wamepiga magoti kuzunguka mashimo. Hivyo ndivyo visima vya mchangani. Unachimba kwa mikono na bakuli hadi kiwiko, kisha hadi bega, halafu unasubiri. Maji yanajikusanya taratibu chini ya shimo, ya kwanza yana tope, unayatupa. Yanayofuata ni safi, yamechujwa na mchanga wenyewe. Unateka kwa kata, kikombe kimoja kimoja, hadi ndoo ijae.

Mama mmoja alimpa mpwa wangu kata akajaribu. Alichota kwa pupa, ukingo wa shimo ukabomoka, maji yakachafuka.

"Taratibu, mwanangu," yule mama alimwambia. "Maji ya mchangani hayapendi haraka."

Sikutoa kamera. Nilitaka, nikaona haya. Mpaka leo najuta kidogo, ingawa sijui kama majuto yenyewe ni ya haki.

Kondoa

Kondoa ni mji wa Warangi, wa misikiti ya zamani, na wa chemchemi. Baada ya kutwa nzima ya vumbi, sauti ya maji yanayotembea ni kama mtu amekutaja jina. Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda uliokolezwa karanga, na kuku wa kienyeji aliyechemshwa muda mrefu hadi mifupa ikakubali. Mpwa wangu, ambaye nyumbani mlenda humpiga chenga, alirudia mara mbili.

Vilima vinavyouzunguka mji huu vina habari ambayo wapenda wanyama wengi hupita bila kuisikia. Miaka ya sabini, ardhi ya Kondoa ilikuwa imechanika kwa makorongo ya kumeza nyumba. Miti ilikuwa imekatwa, mifugo imezidi, na kila mvua ilishuka na udongo. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, watu wakauita HADO, na mwaka 1979 ikaamuliwa mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika zaidi. Kwa mfugaji hilo ni jeraha, na wazee wanalizungumza hivyo hadi leo. Lakini miti ilirudi. Asubuhi nilipopanda kilima nyuma ya nyumba ya wageni, makorongo niliyaona bado, ila yalikuwa yamevaa nyasi na vichaka, na ndani yake kwale walikuwa wanaitana. Nilipiga picha yangu ya kwanza ya safari: kwale mmoja juu ya jiwe, kifua mbele, jua likimtokea nyuma. Si picha kubwa. Naipenda.

Kolo

Tulifika Kolo asubuhi hiyohiyo. Mzee aliyetuongoza ni mwenyeji wa hapo, mwembamba, ana fimbo ya mpingo. Mpwa wangu alimwamkia, "Shikamoo babu," naye akajibu "Marahaba, mjukuu wangu," kisha akatangulia mlimani kwa mwendo ulionifanya nihamishe begi bega hadi bega mara tatu.

Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Eneo lake lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336, na mapango yenye michoro yanazidi 150. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliifanyia kazi mwaka 1951, akinakili kwa mkono umbo baada ya umbo, na kitabu alichokitoa mwaka 1983 ndicho kilichoitangaza nje. Lakini wenyeji hawakumsubiri yeye. Mahali paitwapo Mungomi wa Kolo, hadi sasa watu hupanda kuomba mvua na kutafuta uponyaji.

"Hapa tunavua haraka," mzee alisema, akimaanisha tuache pupa zetu. Kisha akatuonyesha ukuta.

Mwanzoni huoni kitu. Unaona jiwe, mistari ya maji, madoa. Halafu jicho linazoea, na jiwe linaanza kujaa. Twiga wa rangi ya damu iliyokauka. Pofu. Watu warefu wembamba, vichwa vyao vimesukwa au vimevikwa kitu cha mviringo, wanainama, wanashikana. Michoro myekundu ndiyo ya zamani zaidi, ya wawindaji na waokota matunda, na wataalamu wengi huihusisha na wahenga wa Wasandawe, ambao bado wanaishi magharibi ya hapa na lugha yao ya kubofya ulimi. Myeupe ilikuja baadaye, na wakulima. Mmoja juu ya mwingine, kama kuta za vyumba vya kupanga ambavyo kila mpangaji amepaka rangi yake.

Nilitoa kamera, mzee akanyanyua kidole: bila mwako. Akaniambia jambo ambalo baadaye nilikumbuka kulisoma kuhusu michoro ya namna hii sehemu nyingi duniani, kwamba wapo wapiga picha waliowahi kumwagia maji ukutani ili rangi ikolee kwa dakika moja, wapate picha kali, waondoke. Maji yale hubeba rangi kidogo kila mara. Nilifunga mwako, nikaegemeza mwili kwenye jiwe la pili, nikashusha pumzi, nikapiga kwa mwanga uliokuwepo. Picha zangu za Mungomi zina giza. Acha ziwe hivyo.

Mchana alitupeleka kwenye vilima vya Fenga, kaskazini zaidi. Huko ndiko yupo tembo. Amechorwa ndani ya mstari unaomzunguka, na watu wako pembeni. Wengi hutafsiri kuwa ni mtego, tembo amenaswa. Mpwa wangu alisogea, mikono nyuma kama alivyoelekezwa, akamtazama muda mrefu.

"Mjomba, huyu naye amezama?"

Mzee akamgeukia. "Wewe unaonaje?"

"Naona kama wanamwangalia tu. Hawana mikuki."

Mzee hakumkosoa. Alikaa juu ya jiwe, akachomoa kijifuko cha karanga, akatugawia, na kwa muda tukala kimya tukitazama mashariki, ambako nyika ya Wamaasai imetandaa chini ya ukingo wa bonde hadi inapogeuka bluu. Pimbi walitoka nyufani kuota jua. Aliyechora tembo huyu lazima alikaa mahali fulani akimtazama mnyama aliye hai, akashika mkunjo wa mkonga na uzito wa bega, akarudi nao kichwani hadi hapa. Kwa mwenye kamera hilo ni jambo la kuogopesha. Mimi nikipiga picha nasahau; yeye ilibidi akumbuke.

Babati

Barabara inapanda kupitia Bereko, hewa inapoa, mashamba ya mahindi na mbaazi yanakaribiana. Babati tulilala karibu na ziwa. Usiku viboko wanatoka majini kula nyasi na sauti yao inafika hadi kitandani, kama wazee wanaocheka kuhusu jambo lao. Tulikula perege wa kukaanga kwa chumvi na ndimu. Mlima Hanang' ulikuwa umejifunika mawingu, ukajifunua kwa robo saa asubuhi, mita zake 3,417 zote, ukajifunika tena.

Tarangire

Mwongozaji wetu wa Tarangire ni kijana wa Babati mwenye sauti ya chini. Alikagua mavazi yetu kwanza. Mpwa wangu alikuwa na sweta la bluu iliyoiva, akamwomba alivue.

"Mbung'o wanapenda bluu na nyeusi, mdogo wangu. Watakuja wote kukusalimia."

Kisha akanigeukia: "Kaka, umekuja kuona nini?"

"Tembo."

"Basi tufuate maji."

Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1970. Ina kilomita za mraba 2,850, na uti wake wa mgongo ni Mto Tarangire, unaomwaga maji Ziwa Burunge. Kiangazi, nyika yote ya jirani inapokauka, mto huu ndio kimbilio, na wanyama humiminika. Mvua ikinyesha wanatawanyika. Nyumbu na pundamilia huenda kuzalia tambarare za Simanjiro, ambako majani yana madini ya fosforasi yanayowafaa wanaonyonyesha. Kwa hiyo hifadhi peke yake haiwatoshi. Wanahitaji pia njia zao kupitia ardhi ya vijiji, kama ile ya Kwa Kuchinja kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, na njia hizo zinabanwa kila mwaka na mashamba na nyumba. Vijiji kadhaa vya upande huo vimeungana kuunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Burunge ili mapato ya utalii yafike kwao. Mwongozaji wetu amekulia humo. Alisema tembo wakiingia shambani usiku mmoja wanamaliza kazi ya miezi sita, na mwenye shamba asipopata chochote kutokana na tembo yule, kwa nini ampende? Sikuwa na jibu, na sina.

Asubuhi ya kwanza tuliona twiga, kuro, swala pala wengi, choroa wawili wenye pembe za kunyooka, na mbuyu mkubwa wenye uwazi ndani ambamo majangili walikuwa wakijificha. Mibuyu mingi ya Tarangire ina majeraha kiunoni. Tembo huichimba kwa pembe, kisha hutafuna nyama yake ya ndani kwa sababu imehifadhi unyevu. Mpwa wangu alihesabu mibuyu yenye majeraha hadi arobaini na mitatu, akachoka.

Saa nne tulifika kwenye kingo za mto, mwongozaji akazima injini. Hilo ni somo la kwanza la picha za porini: injini ikiunguruma, gari linatetemeka, na lenzi ndefu hukuza kila mtetemo. Somo la pili ni mfuko wa maharage. Unauweka juu ya mlango, unalaza lenzi juu yake, nayo inatulia kuliko juu ya mkono wowote. La tatu halina kifaa. Ni kusubiri.

Walitoka upande wa pili, wakishuka ukingo mmoja nyuma ya mwingine. Mpwa wangu alinishika mkono wa shati. Hakusema kitu. Nilihesabu kumi na saba, pamoja na vitoto vitatu, mmoja bado hajui kazi ya mkonga wake, anautupa huku na huku. Mto hapo ulikuwa umekauka juu. Jike kubwa lililotangulia lilisimama katikati ya mchanga, likanusa, likasogea hatua tatu, likanusa tena. Kisha likaanza kuchimba. Kwa mguu wa mbele lilikwangua, kwa mkonga likatoa mchanga likautupa pembeni. Likaingiza mkonga shimoni hadi karibu na macho, likatulia. Kilichotoka kwanza lililipulizia kando.

"Ametupa ya tope!" mpwa wangu alinong'ona kwa nguvu. "Mjomba, kama yule mama wa Bubu!"

Ni kweli. Ilikuwa vilevile, hatua kwa hatua. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, sikukibonyeza hadi jike lile lilipoanza kunywa.

Mwongozaji alizungumza polepole huku akitazama mbele. Alitueleza kuhusu mtafiti Charles Foley, aliyeanza kufuatilia tembo wa Tarangire mwaka 1993, mwaka ambao ukame mkali ulipiga hapa. Kati ya koo tatu za tembo zilizochunguzwa, mbili ziliondoka hifadhini kutafuta maji na malisho kwingine, na moja ikabaki. Ndani ya miezi tisa vilikufa vitoto 16 kati ya 81, wengi wao wa ukoo uliobaki. Zile mbili zilizoondoka ziliongozwa na majike wazee ambao walikuwa hai wakati wa ukame wa miaka ya 1958 hadi 1961. Ukoo uliobaki haukuwa na mzee wa umri huo. Ujangili huwinda wenye pembe kubwa, yaani wakubwa kwanza. Kwa hiyo uliondoa vichwa vilivyojua njia. Mwaka 2009 nchi nzima ilikadiriwa kuwa na tembo 109,051. Mwaka 2014 walibaki 43,330. Nilisikia hesabu ile nikitazama jike mbele yangu, ncha ya sikio lake ikiwa imechanika, na nikawaza alikuwa wapi miaka ile, alimfuata nani.

Jike liliposhiba lilisogea, wengine wakaingia shimoni kwa zamu. Walipoondoka, nyani walishuka mitini, kisha pundamilia, kisha ndege wadogo, wote kwenye kisima kilekile.

Nilibaki na mwanga mgumu wa saa tano, kila kitu kimenyooka, vivuli vyeusi. Mwongozaji alisema turudi jioni. Jioni jua lilishuka nyuma ya mibuyu, vumbi la miguu yao likawa dhahabu, na nikapata picha niliyokuwa naiota: jike lile lile, sikio lile lile lililochanika, mkonga shimoni, kitoto chini ya tumbo lake kikisubiri. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka nyika hizi za Wamaasai akifunga punda na ng'ombe kama chambo usiku, na uzi uliofyatua mwako wa magnesiamu simba alipofika. Picha zake zilikuwa ajabu ya wakati wake. Mimi sina hamu ya kumshtua mnyama. Nilitaka picha ambayo tembo, kama angeweza kuiona, asingeikataa.

Siku ya pili tuliona simba wawili wamelala, na kundi la mbuni. Nitakuwa nadanganya nikisema tuliwajali sana.

Nkuhungu

Tulirudi usiku, tumejaa vumbi. Kesho yake nilisafisha picha kwenye duka la mjini, kubwa, ya kukaa ukutani, nikampelekea bibi. Alikuwa uani, anapepeta mtama. Aliifuta mikono kwenye kanga, akaishika picha kwa mbali kama wanavyofanya wenye macho ya uzee, akaigeuza kuelekea mwangani. Nilisubiri aseme kuhusu pembe, au kuhusu ukubwa. Mpwa wangu alikuwa anasimulia yote kwa mara moja, Bubu, babu wa Kolo, tembo wa ukutani asiye na mikuki mbele yake.

Bibi aliweka kidole penye shimo, pale mkonga unapoingia mchangani.

"Alipata?"

"Alipata, bibi," mtoto akasema. "Akawaachia na wengine."

Bibi akaingia ndani na picha. Tukamsikia anasogeza kiti, anatafuta msumari.